Piza ya Jumanne

Simu ya Mama Kiran iliingia Nangila akiwa ameinama kwenye karai anafua nepi, Joy amelala mgongoni, shavu limebanwa kwenye leso mpaka mdomo umebaki wazi kama wa samaki. Alipangusa povu kwenye sketi, akashika simu kwa vidole viwili.

"Nangila! Habari ya Myanga? Mtoto ni mzima?"

"Mzima kabisa, Mama Kiran. Ako na meno mbili sasa."

"Vizuri. Sikiza. Cheptoo ameacha kazi, ameolewa huko Endebess. Jiko yangu haina mtu. Nataka wewe urudi."

Nangila aliketi kwenye kigoda, taratibu, asimwamshe mtoto. Alikuwa amefanya kazi Kitale miaka miwili na nusu katika nyumba ya Mama Kiran, ile yenye geti la kijani nyuma ya duka lao la mabati na misumari. Aliingia pale kama mfua nguo, na hakuna aliyemfundisha upishi. Alikuwa tu akikunja nguo karibu na mlango wa jikoni, macho yake hayakuwa na kazi nyingine, basi yakajifundisha. Siku aliyekuwa mpishi alipougua malaria, Nangila ndiye aliyepika dengu, na tangu siku hiyo hakuna aliyemrudisha kwenye karai la nguo. Kilichomtoa pale ni mimba ya Joy peke yake.

"Nitakuja," alisema. "Mimi na Joy."

"Hapo ndio kuna maneno," Mama Kiran akasema. "Biji amekataa."

Biji ni mama mkwe wa Mama Kiran. Jina lake ni Santosh, lakini hilo hulisikia hospitalini tu. Nyumbani, dukani na hata kwa mama muuza mboga wa getini, yeye ni Biji. Ni mwanamke mdogo wa mwili, shungi jeupe, sauti ya chini, na akisema jambo nyumba nzima hupunguza mwendo. Neno lake lilikuwa kwamba mwanamke anayenyonyesha hana akili mbili. Ile moja aliyonayo iko kwa mtoto. Maziwa yatafurika, dengu itashika chini, na siku moja ni nyumba itashika. Aje peke yake, mtoto abaki kwa nyanya yake.

"Nimemwambia Biji juu ya ile piza yako," Mama Kiran aliendelea. "Ile ya tamu na chumvi ulikuwa unapikia Kiran. Nimemwambia hata kwa hoteli hatujaiona. Amesema sawa, uje Jumanne, upike hiyo piza na mtoto akiwa hapo hapo jikoni. Chakula ikifika kwa meza saa saba, na ikuwe nzuri, mkuje wote wawili. Ikishindikana, ukuje peke yako ama tutafute mtu mwingine. Mimi nimepigana mpaka hapo, Nangila. Zaidi ya hapo siwezi."

Nangila alishukuru, akakata simu, akabaki ameishika mkononi mpaka kioo kikazima.

Alijua maana ya mtoto kubaki. Yeye mwenyewe aliachwa kwa bibi yake akiwa na miezi minane, mama yake alipoenda kuvuna mahindi kwenye mashamba ya Endebess. Mama alirudi Krismasi na mkate na gauni la manjano, naye Nangila akajificha nyuma ya bibi akimlilia mgeni. Hakukumbuka siku ile, alisimuliwa. Lakini alikumbuka vizuri uso wa mama kila mara hadithi hiyo iliposimuliwa, jinsi alivyokuwa wa kwanza kucheka na wa kwanza kutoka nje kwenda kuangalia kuku.

Peris, mama mkwe wake, alikuwa amesimama mlangoni na sinia la maharagwe. Alikuwa amesikia yote.

"Sasa shida iko wapi?" akauliza. "Si uniachie huyo mtoto? Mimi nimelea saba, na hakuna hata mmoja alikula mchanga akamaliza."

"Asante, Mayi. Lakini bado ananyonya."

"Ataacha. Siku tatu analia, ya nne anakula uji. Wewe wafikiri wewe ni mwanamke wa kwanza kuenda kazi?"

Alisema kwa upendo, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mtu akikuonea, unajua la kumjibu. Peris alikuwa anajitolea mgongo wake wa miaka sitini na mbili. Nangila alisema tu, "Mayi, wacha kwanza nijaribu piza."

"Jaribu," Peris akasema. "Ni nini hiyo, hata? Ile chapati inavaanga nguo?"

Ilikuwa Jumatano. Siku zilikuwa sita.

Kitale alikuwa akitumia ovena ya gesi. Nyumbani kwake Myanga kulikuwa na jiko la makaa na mafiga matatu ya nje. Lakini mkono uliokaa mwaka mzima bila kukanda huwa mzito, na Nangila alijua hawezi kwenda kuonyesha kitu alichokikumbuka kichwani tu. Alipanga mawe madogo chini ya sufuria kubwa, akaweka sahani ya bati juu yake, akafunika na kumwaga makaa juu ya kifuniko, jinsi akina mama wa kanisa wanavyooka keki ya harusi.

Piza ya kwanza iliungua chini ikabaki tope juu. Peris aliichungulia akasema, "Hii imekufa na kuzaliwa siku moja."

Ya pili ilikuwa ngumu. Wekoye, mume wake, ambaye huchochea moto katika kiwanda kidogo cha sukari nguru, aligonga kipande chake kwenye ukingo wa meza, ko ko ko, akauliza, "Nani huyo anabisha?" Nangila alimpiga kwa mwiko, akacheka, kisha akaenda nyuma ya nyumba akakaa peke yake. Wekoye alimfuata baada ya muda. Alimwekea mkononi bonge la nguru lililofungwa kwa jani la ndizi, bado lina joto la kiwanda, jeusi-jeusi na lenye harufu ya moshi.

"Ile ya mwisho wa karai," akasema. "Ile tamu kabisa. Jaribu na hiyo."

Ijumaa aliacha unga uumuke muda mrefu zaidi, akapunguza makaa ya chini na kuongeza ya juu. Alikatakata vitunguu sita, akavikaanga polepole na samli mpaka vikalainika, akavunjia nguru ndani, chumvi, pilipili mbichi na ndimu. Vikageuka rangi ya chai ya rangi, vikavutika kama jamu. Juu yake akaweka jibini aliyoigandisha mwenyewe kwa maziwa na ndimu. Alipofunua sufuria, hata yule jogoo wa Peris alisimama.

Peris alikula kipande cha kwanza. Akala cha pili. Akapangusa vidole kwenye kanga.

"Inaharibu unga," akasema. "Lakini inaharibu vizuri."

Jumamosi akarudia. Jumapili akarudia. Jumatatu jioni alifunga nepi, nguru na leso mbili kwenye mfuko, na Jumanne saa mbili na nusu asubuhi alikuwa amesimama mbele ya geti la kijani mjini Kitale, Joy mgongoni, baridi ya huko ikimtoa mtoto machozi.

"Niaje, Nangila!" Aliyefungua ni Kiran, binti wa Mama Kiran, miaka kumi na sita, yuko likizo. "Huyu ndio Joy? Woi, ni mrembo, bana! Amefanana na nani? Si wewe."

"Ni baba yake huyo. Mimi nilibeba tu."

Jikoni hapakuwa pamebadilika. Makopo ya viungo yalikuwa kwenye rafu ileile, tawa jeusi la chapati limening'inia kwenye msumari uleule. Kitu kimoja tu kilikuwa kipya: kiti kimewekwa mlangoni, na juu yake Biji, tasbihi yake ya mbao mkononi.

"Shikamoo, Biji."

"Marahaba." Macho ya Biji yalipita kwa Nangila yakaenda kwa mtoto. Joy aliyaangalia na yeye, bila kupepesa. "Mtoto yako nona," Biji akasema, na sauti yake haikuonyesha kama ni sifa au ni mashtaka.

Nangila alinawa mikono akaanza. Alipasha maji, akayapima kwa kidole, akamimina hamira na kijiko cha nguru iliyosagwa, akangoja ifanye povu. Akakanda. Mkono ulikuwa mwepesi. Zile piza za Myanga zilikuwa zimelipa. Akafunika unga kwa kitambaa kibichi, akauweka karibu na dirisha penye jua. Akachemsha maziwa, akayakamulia ndimu, akayafunga kwenye kitambaa safi na kuyakandamiza kwa kinu. Joy alikuwa amewekwa chini kwenye leso, anapiga kifuniko cha sufuria na kijiko. Kila alipogeuka, Nangila alimwimbia kidogo, sauti ya chini, maneno ya kujitungia tu: mama anakata, Joy anapiga, mama anakata, Joy anapiga.

Na mama alikuwa anakata kweli. Kwao Bungoma hakuna mboga inayoanza bila kitunguu. Mafuta yakiwekwa kwenye moto, mkono wenyewe unajua njia, hauhitaji kuulizwa. Kitunguu cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alikuwa katikati ya cha nne, macho yanamwasha, wimbo mdomoni, aliposikia shanga za tasbihi zimenyamaza.

"Nangila," Biji akasema. "Leo siku gani?"

"Jumanne, Biji."

Na neno lilipomtoka, kisu kikasimama.

Jumanne. Tangu mume wake afariki, Biji hagusi kitunguu Jumanne, wala kitunguu saumu, wala chombo kilichovigusa. Ni nadhiri yake na Mungu wake. Nangila alijua. Aliijua miaka miwili na nusu. Jumanne ndiyo siku aliyokuwa akitoa sufuria za rafu ya juu, zile za Biji peke yake. Kukaa nyumbani mwaka na miezi kulikuwa kumeifuta kichwani kama chaki. Na ile piza yote, zile tano za Myanga, ule utamu wote, ulikuwa umesimama juu ya kitunguu.

Biji aliinuka kwenye kiti. "Mimi nasema nini?" alisema, si kwa hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Kichwa iko kwa mtoto."

Akaenda zake chumbani, ndara zake zikiburura sakafuni.

Mama Kiran aliingia mbio. Aliona ubao, akaona vitunguu, akaweka mkono kinywani. "Nangila! Jumanne!"

"Nimesahau, Mama Kiran."

"Mimi nilidhani unakumbuka! Kwa nini sikusema? Si ningesema tu!"

Kiran alikuwa ameegemea friji. "Mami, Biji mwenyewe ndio alichagua siku," akasema polepole. "Wewe ulisema Alhamisi. Yeye akasema hapana, Jumanne."

Wanawake wawili walitazamana. Kwa hiyo mtihani haukuwa wa piza. Au ulikuwa wa piza, lakini swali lake la kwanza lilikuwa limeandikwa kwenye kalenda.

Nangila alitazama saa ya ukutani. Saa nne na robo. Kitu ndani yake kilitaka kulia, na kitu kingine kilitaka kusema kwamba si haki, mtu hutegewa vipi mtego na nyanya wa watu. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alichukua vitunguu vyote, na ubao, na kisu, akavipeleka nje kwenye sinki la uani. Akanawa mikono kwa sabuni, kisha kwa ndimu na chumvi, mpaka kwenye viwiko, akanusa vidole, akanawa tena. Unga ulikuwa salama, aliukanda kabla. Jibini ilikuwa salama. Akarudi, akapanda kistuli, akashusha zile sufuria za rafu ya juu.

"Mama Kiran, mwambie Biji saa saba bado ni saa saba."

"Sasa utaweka nini?"

"Sijui," Nangila akasema. Na hapo hapo Joy akaanza kulia.

Hakikuwa kilio cha kucheza. Ni kile cha ziwa, kinachopanda kwa ngazi, na Nangila alikisikia kifuani kabla ya masikioni, blauzi ikalowa. Kiran akamnyanyua mtoto, akamrusha-rusha. Joy akazidi. Mama Kiran akasema, "Mpe biskuti, Kiran, mpe kitu, Nangila hana dakika!"

Mlango wa chumba cha Biji ulikuwa umefunguka. Biji alikuwa amesimama pale, anaangalia.

Nangila alimwona. Alijua anachoangaliwa. Akapangusa mikono, akamchukua mtoto, akakaa kwenye kiti cha Biji kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu, akafungua kifungo.

"Sasa mtoto?" Biji akauliza. "Piza iko wapi?"

"Piza imelala, Biji. Unga ukiumuka hautaki mtu. Ukiushikashika unaharibika." Akamweka Joy sawa. "Sasa ni zamu ya huyu. Akishiba, na unga utakuwa umeamka."

Biji alivuta shanga moja ya tasbihi. Hakuondoka.

Zikapita dakika kumi. Tangu Jumatano ile Nangila hakuwa amekaa dakika kumi bila kazi mkononi. Mtoto alinyonya, akipumua kwa pua, kidole kimoja kimeingia kwenye tundu la blauzi ya mama. Na Nangila, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akaangalia tu, kama zamani alipokuwa akikunja nguo karibu na mlango huohuo. Akaangalia rafu. Manjano. Bizari. Binzari nyembamba. Kopo dogo la njano, kifuniko kimefungwa kwa mpira ili harufu isitoke.

Mvuje.

Akaona mkono. Aliuona wazi kabisa, mkono wa Biji mwenyewe, Jumanne nyingi zilizopita, ukichota ncha ya kisu ya ule unga na kuudondosha kwenye samli ya moto kabla ya kitu kingine chochote. Nyumba nzima ilikuwa ikinukia kana kwamba mtu amekaanga vitunguu kumi, na hakuna hata kimoja. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa anapita na ndoo ya nguo.

Lakini harufu haina mwili. Kitu cha kukaa chini ya jibini, cha kulainika, cha kunywa nguru? Macho yakashuka kwenye kikapu cha mboga. Nyanya. Viazi. Kabichi, kubwa, ya kawaida kabisa, ile ya kupikia vibarua wa mjengo.

"Kiran," akasema bila kuinuka, "ule mpera wa kando ya ukuta, bado unazaa?"

"Mpaka ndege wanachoka."

"Niletee mapera manne. Yasiwe laini sana. Nitayanusa kwanza kabla hujayaosha."

Kiran alitoka mbio. Joy aliachia ziwa, akacheua, akamwangalia Biji kwa uso wa mtu aliyemaliza kazi ya siku. Nangila akamfunga mgongoni, akaenda kwenye moto.

Kabichi aliikata nyembamba kama uzi. Samli ikapata moto, mvuje, ncha ya kisu, jikoni kukajaa harufu na Mama Kiran akageuka kwa hofu, "Nani ameweka kitunguu?" Binzari nyembamba ikapasuka-pasuka. Kabichi ikaingia, ikalia, ikanyamaza. Nangila akapunguza moto na kuiacha ilegee, ianguke, ibadilike, anaigeuza na mwiko, hafuniki, hana haraka. Ilipoanza kushika rangi ya udongo alivunjia nguru ya Wekoye. Ikayeyuka. Ukaja ule moshi wa kiwanda, ukakaa juu ya samli. Chumvi. Ndimu. Pilipili mbichi mbili. Akaonja kwenye kiganja, akaongeza chumvi, akaonja. Ilikuwa tamu mbele, chumvi katikati, na kule nyuma moto kidogo.

"Iko aje?" Kiran aliuliza, mapera kwenye sketi.

"Usiniongeleshe," Nangila akasema, akitabasamu.

Mapera aliyakata vipande vyembamba, akatoa mbegu. Unga ulikuwa umepanda mpaka ukasukuma kitambaa. Aliutandaza kwa vidole, bila kisukumio, akiacha ukingo mnene kidogo. Tawa la Biji alikuwa ameshaliingiza kwenye ovena likawa moto wa kutoa moshi. Juu yake akatelezesha unga, na ukalia tsss, akajua chini haitakuwa tope. Kabichi. Mapera. Jibini ya ndimu, imevunjwavunjwa, na ile ya dukani ya kuvutika juu yake. Akafunga mlango wa ovena, akakaanga njugu, akazisaga nusu nusu.

Piza tatu. Ya kwanza ilitoka saa saba kasoro dakika nane, kingo zimetutumka, jibini imeshika madoa ya hudhurungi, mapera yameng'aa na nguru. Akanyunyiza njugu na majani ya dhania. Joy, mgongoni, alinusa akasema kitu kirefu ambacho hakuna aliyekielewa.

Nitin, mume wa Mama Kiran, aliingia kutoka dukani akiwa na simu sikioni, akimwambia mtu juu ya mabati ya geji thelathini. Alikatiza sentensi. "Nitakupigia," akasema. Akakaa bila kunawa, akarudishwa kunawa, akarudi.

Hakuna aliyekula kwanza. Wote walikuwa wanamngoja Biji.

Biji aliketi. Alikata kipande kidogo kwa vidole, akakinusa. Akainua macho.

"Kitunguu?"

"Hapana, Biji."

"Nasikia kitunguu."

"Ni mvuje, Biji. Sufuria ni ya rafu ya juu. Kisu pia. Mikono nimenawa mara tatu."

"Nani nafundisha wewe mvuje? Neelam?" Akamgeukia Mama Kiran.

"Mimi?" Mama Kiran akasema. "Mimi hata sijui kopo iko wapi."

"Ni wewe, Biji," Nangila akasema. "Nilikuwa napita na ndoo. Niliona mkono yako."

Biji alikitazama kile kipande muda mrefu. Kisha akala. Akatafuna pole pole, upande mmoja wenye meno, na meza nzima ikatafuna naye ingawa kinywani hakukuwa na kitu. Akameza. Akakunja kipande cha pili katikati, kama anavyokunja chapati, na kukiingiza chote.

"Haya, kula!" akawaambia. "Nangoja nini? Nafanya baridi!"

Basi hapo watu walikula. Nitin alikula vinne akasema hata kule Nairobi kwa shemeji yake Keval, mahali wanakuletea piza kwa ubao, hakuna hii. Kiran alipiga picha, akala, akapiga picha ya sahani tupu. Mama Kiran alikuwa anacheka peke yake huku akitafuna, na machozi yakimtoka, akisema ni pilipili. "Ni nini hii chini?" Nitin aliuliza. Nangila alipomwambia ni kabichi, alikataa. Alifunua jibini kwa uma achunguze. "Kabichi hii ninaijua mimi! Nimeila shule miaka minne! Haiwezi kuwa yeye!"

Biji alipangusa mikono. Akagonga meza kwa kidole kimoja.

"Lete mtoto."

Nangila alifungua leso, akamshusha Joy, akamweka kwenye mapaja yale membamba. Joy hakulia. Alinyoosha mkono, akanyakua ukingo wa piza kwenye sahani ya Biji, akautia kinywani na kuubana kwa meno yake mawili kwa nguvu za mtu aliyefunga wiki.

"Hii nakula kuliko Nitin," Biji akasema.

"Biji, nimepika," Nangila akasema. Sauti ilimtoka nyembamba, akaikaza. "Kwa kitunguu nilikosa. Hilo ni kosa yangu, si ya mtoto. Lakini hii mvuje sikuikumbuka nikiwa na kisu. Niliikumbuka nikinyonyesha. Kama ningekuwa nimemwacha nyumbani, saa hii mngekuwa mnakula mkate na chai."

Mama Kiran alishika kiti. Hakuna mtu aliyezoea kumjibu Biji hivyo, hata kwa heshima ile.

Biji alimtoa Joy kipande cha jibini kwenye kidevu. "Nitin," akasema, bila kuinua kichwa. "Kitanda ya Kiran, ile ya utoto, iko stoo?"

"Iko, Biji. Imevunjika mguu mmoja."

"Tengeneza leo. Chumba ya nyuma nafanya baridi, mtoto nalala hapo hapana. Weka hii ya kando ya jikoni, iko joto. Wewe," akamtazama Nangila, "kuja lini?"

"Nimeshakuja, Biji."

"Basi." Akampa Joy ukingo mwingine. "Kesho Jumatano. Kesho weka kitunguu."

Nangila alirudi jikoni, akafunga mlango nyuma yake. Akaruka. Aliruka mara mbili, bila sauti, ngumi zimekunjwa, ndara zikamvuka. Kulikuwa na kipande kimoja kimebaki kwenye tawa. Alikila akiwa amesimama, chote, na ukingo wake, na zile njugu zilizoanguka akaziokota kwa kidole kilicholowa. Ilikuwa nzuri. Si kwa kuwa watu walisema. Ilikuwa nzuri kwelikweli.

Ndipo akapiga simu Myanga. Wekoye alikuwa kazini, ikashikwa na Peris, ambaye siku zote huongea kwenye simu kana kwamba anamwita mtu ng'ambo ya mto.

"Nani? Nangila? Unalia ama unacheka?"

"Mayi, wamekubali. Sote wawili. Mimi na Joy. Hata kitanda wanatengeneza."

Ikaja sauti ya chini ambayo Nangila hakuwahi kuisikia kwa Peris, "Kwa hivyo mtoto hatabaki na mimi."

"Mwisho wa mwezi tutakuja, Mayi. Kila mwisho wa mwezi. Na wewe utakuja huku, uone."

"Hm." Peris alipuliza pua. "Na huyo bibi yao amemshika?"

"Amemshika. Anamlisha saa hii."

"Mwambie ni wa kuazima. Mwambie ako na wenyewe."

"Nitamwambia."

Peris hakukata simu. Huwa hajui kuikata. Nangila alimsikia akitembea, akasikia kuku, akasikia geti la miti likisukumwa na sauti za akina mama wanaopanga nyanya kando ya barabara. Kisha, mbali kidogo na simu lakini kwa nguvu zake zote, Peris akipiga vigelegele na kuwatangazia:

"Nyinyi mnasema watoto wenu wanasoma! Mjukuu wangu ako na miezi tisa tu, na ameandikwa kazi Kitale!"